Muoni zinatoka angani, kwa nini tunazipimia shimoni?

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Dodoma hucheka wakisikia hili mara ya kwanza: chembe zinatoka juu, halafu wataalamu wanashuka mgodini kuzisubiri. Wana haki ya kucheka, ila mwamba una kazi yake.

Muoni ni chembe ya jamii moja na elektroni, lakini nzito kuliko elektroni mara 207 hivi. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliitambua mwaka 1936. Protoni kutoka anga za mbali hugonga viini vya naitrojeni na oksijeni, kilomita kama 15 juu yetu. Mgongano huo huzaa pioni, chembe nyingine ya muda mfupi sana, na pioni huvunjika na kutoa muoni. Muda huu unaposoma, zaidi ya muoni moja kila sekunde inapenya kiganja chako.

Nyingi kati ya hizo ni dhaifu. Muoni yenye nishati ya gigaelektronivolti 4 (kipimo cha nishati ya chembe), ambayo ndiyo wastani wa huku juu, huishia mita saba au nane ndani ya mwamba mgumu kama huu wa vilima vya Dodoma. Ukishuka zaidi, zinabaki zenye nguvu tu. Mwamba ni chekecheke, na kina ndicho ukubwa wa matundu yake. Katika maabara ya Gran Sasso, Italia, yenye mita 1,400 za mwamba juu yake, muoni inayofika ilianza safari na nishati inayozidi teraelektronivolti moja, yaani gigaelektronivolti elfu moja. Huko hupita moja hivi kwa saa katika mita moja ya mraba. Juu ya ardhi, eneo hilohilo hupata maelfu kwa dakika.

Sasa utamu wenyewe. Pioni ikishazaliwa ina njia mbili: ivunjike na kutoa muoni, au igonge kiini kingine kabla haijavunjika. Hewa ya juu ikipata joto hutanuka, viini vinakuwa mbalimbali, pioni inapata nafasi ya kuvunjika. Kwa hiyo chini ya ardhi muoni huongezeka joto la huko juu linapopanda. Gran Sasso hufikia kilele mwanzoni mwa Julai, tofauti ikiwa asilimia moja na kidogo. Kwenye uso wa dunia mambo huenda kinyume: hewa iliyotanuka inamaanisha muoni zinazaliwa juu zaidi, na zile dhaifu huvunjika zenyewe njiani. Mimi sijaona mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtu kwamba kina hakipunguzi idadi tu, kinabadilisha hata swali unalouliza. Mwaka 2009 watafiti waliotumia kigunduzi kilichokuwamo katika mgodi wa zamani wa chuma wa Soudan, Marekani, karibu mita 700 chini, walionyesha kwamba waliona hewa ya stratosfia, tabaka la juu la angahewa, ikipata joto la ghafla wakati wa baridi. Kipimajoto cha stratosfia kimekaa mgodini!

Afrika nayo imo katika historia hii. Mwaka 1965, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini, kundi la Frederick Reines na Friedel Sellschop lilitafuta muoni zinazokuja kwa mlalo. Muoni ya angani haiwezi kupenya mwamba mrefu kiasi hicho kwa ubavu. Ikionekana, basi imezaliwa humohumo mwambani na nyutrino, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu. Wakazipata, mwaka uleule ambao kundi jingine lilizipata Kolar, India.

Je, tuchimbe hapa kwetu? Kwa kazi ya kipimajoto, nisingeshauri. Karibu na ikweta joto la hewa ya juu hubadilika kidogo mno kwa mwaka. Tulicho nacho ni mgandamizo wa hewa: katika tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, vilele vikiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mgandamizo ukipanda, muoni za juu ya ardhi hupungua. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa hiyo inataka kuhesabu kwa wiki nyingi mfululizo, na umeme usiokatika. Lakini vifaa ni vipande viwili vya plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita, kimoja juu ya kingine, na saketi inayohesabu pale tu vyote viwili vinapowaka kwa pamoja. Viwekwe darasani, bati la paa haliizuii muoni.