Kanoni ni orodha ya kazi, si orodha ya ukweli

Kila inapotoka kazi mpya ya Star Wars, hadithi ya kubuni ya vita vya anga za juu inayosimuliwa kwa filamu, televisheni na vitabu, neno kanoni huokotwa na kugeuzwa rungu. Mmoja anadai kwamba Rey, shujaa wa filamu za karibuni, kuwa mtoto wa watu wasiojulikana "ilikuwa kanoni, halafu wakaifuta". Mwingine anashikilia kuwa Luke, shujaa wa filamu za kwanza, alivyo katika filamu ya 2017 "si kanoni", kwa sababu hakumpenda alivyozeeka. Wa tatu amemsikia mwigizaji akigusia jambo kwenye mahojiano, na kwake hiyo tayari ni kanoni. Wote watatu wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Maana yenyewe ni fupi. Kanoni ni jumla ya kazi ambazo mwenye mamlaka juu ya hadithi amezitangaza kuwa ndizo hadithi hiyo. Kwa Star Wars mwenye mamlaka ni Lucasfilm, kampuni inayotengeneza filamu hizo. Kazi iliyomo kwenye orodha ni kanoni, isiyokuwemo si kanoni. Ubora haumo katika maana hii, wala mapenzi ya mtazamaji, wala hata swali la kama kazi hizo zinapatana zenyewe kwa zenyewe.

Lilikotoka neno kunasaidia. Kwa Wagiriki kanōn ilikuwa fimbo nyoofu ya kupimia. Kwa njia ya Kiarabu tukapata kanuni, kwa njia ya Kanisa tukapata kanoni. Mwaka 367 Athanasi, askofu wa Aleksandria, aliorodhesha katika barua yake ya Pasaka vitabu 27 vya Agano Jipya, ambavyo ndivyo vinavyosomwa hadi leo. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, na ndiyo sababu Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, visivyomo katika ya Kiprotestanti, huitwa vitabu vya deuterokanoni, yaani vya kanoni ya pili. Mkatoliki na Mprotestanti wanasoma Mwanzo ileile. Wanachotofautiana ni orodha inaishia wapi na nani ana haki ya kuifunga.

Kutoka hapo neno likahamia kwenye hadithi za kubuni. Mwaka 1911 Ronald Knox alisoma pale Oxford makala iliyomchambua Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni, kwa mbinu za wachambuzi wa Biblia. Mashabiki wakaupenda mtindo huo, na leo riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Arthur Conan Doyle huitwa kanoni. Holmes aliyeandikwa na mtu mwingine anaweza kuwa mzuri ajabu, lakini hayumo kati ya zile 60.

Orodha ya Star Wars imepitia mikono kadhaa, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuanzia mwaka 2000 Leland Chee, mfanyakazi wa Lucasfilm, alitunza hifadhidata ya ndani ya kampuni iliyoitwa Holocron, na kila kipande cha habari kilipewa daraja kwa herufi. G ilikuwa ya filamu za George Lucas mwenyewe, muundaji wa Star Wars, T ya televisheni, C ya riwaya, vitabu vya katuni na michezo mingi ya video, S ya kazi za pembeni. Filamu ikigongana na riwaya, filamu ndiyo ilisimama. Kisha tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm, ambayo Disney ilikuwa imeinunua mwaka 2012, ikatangaza kwamba filamu sita na mfululizo wa televisheni The Clone Wars ndizo zinazobaki, pamoja na kazi mpya zitakazotolewa chini ya kundi moja la wasimamizi wa hadithi. Riwaya na vitabu vya katuni vya miaka iliyotangulia zikapewa jina la Legends. Hazikuchomwa moto, na nyingine bado zinachapishwa, ila zimetoka kwenye orodha.

Mfano mzuri ni Thrawn, jemadari mwenye ngozi ya buluu aliyebuniwa na Timothy Zahn katika riwaya ya 1991. Tangazo la 2014 lilimtoa, na mwaka 2016 mfululizo wa televisheni wa Rebels ukamrudisha. Aliyerudi ni mhusika. Riwaya za zamani zilizomtambulisha zimebaki Legends, kwa hiyo namna alivyokufa mle haimhusu Thrawn wa sasa mpaka kazi mpya iseme hivyo. Jina la sayari ya Coruscant lilipita njia hiyohiyo: lilianzia kwenye riwaya ya 1991, na filamu ya 1999 ikalichukua. Jina liliingia kwenye orodha, kurasa lilikotoka hazikuingia nalo. Anayejenga utabiri wa mwisho wa Thrawn kwa kunukuu trilojia ya kwanza ya Zahn anachanganya madesa, hata kama utabiri wake utakuja kutimia.

Lakini kosa linalozaa mabishano mengi kuliko yote ni hili la kudhani kwamba kila linalosemwa ndani ya kazi ya kanoni ni ukweli wa hadithi. Kanoni inathibitisha kwamba tukio limetokea, na mhusika kufungua mdomo ni tukio. Aliyoyasema yanaweza kuwa uongo, fununu, au nusu ya habari. Katika filamu ya 1977 Obi-Wan, mwalimu wa Luke, anamwambia kwamba adui wao mkuu, Darth Vader, alimsaliti baba yake na kumuua. Mwaka 1980 Vader anasema yeye ndiye baba. Kwa miaka mitatu mashabiki waligawanyika juu ya nani kati ya wazee hawa wawili anadanganya, na mjadala ulikuwa halali kabisa, kwa kuwa kanoni ilikuwa na kauli mbili za wahusika wawili bila uthibitisho wa tatu. Mwaka 1983 Yoda, mwalimu mwingine wa Luke, akakubali kwamba Vader ndiye baba, na Obi-Wan akajitetea kwamba yule mtu mwema aliangamia pale alipogeuka kuwa Vader. Kauli ya 1977 haikuacha kuwa kanoni siku hiyo. Bado ni kweli kwamba Obi-Wan aliitamka.

Hapo huingia hoja ya Kiholanzi: "vader" kwa Kiholanzi ni baba, kwa hiyo, wanasema, siri ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hoja hii haisimami. Rasimu ya kwanza ya filamu ya pili, ile ya 1980, aliyoiandika Leigh Brackett mwanzoni mwa 1978, muda mfupi kabla ya kufariki, inamleta baba yake Luke kama roho, akiwa mtu tofauti na Vader. Wazo la Vader kuwa baba liliingia kwenye rasimu zilizofuata. Kitendo cha namna hiyo, yaani kuandika leo jambo linalobadili maana ya lililoandikwa jana, ni urekebishaji wa nyuma. Watu hulitumia neno hilo nalo kwa kila mshangao. Mshangao uliopangwa tangu mwanzo ni ufichuzi. Urekebishaji ni pale palipokuwa na maana nyingine kabla, na ili kuutambua unahitaji rasimu au tarehe. Kushtuka ukumbini hakutoshi.

Rejea sasa kwa Rey. Katika filamu ya 2017, ndani ya chumba cha enzi cha mtawala Snoke, mpiganaji wake Kylo Ren anamshurutisha Rey aseme ukweli anaoujua. Rey anajibu kwamba wazazi wake hawakuwa watu wa maana. Kylo anakazia: walikuwa wauza vyuma chakavu, walimuuza wapate pesa ya pombe, na wamezikwa katika jangwa la sayari ya Jakku. Tazama nani anasema, na lini. Rey aliachwa akiwa mtoto mdogo. Kylo amemuua bwana wake dakika chache zilizopita na anamtaka Rey asimame upande wake, kwa hiyo ana kila sababu ya kumfanya ajione hana kwao. Mwaka 2019 Kylo huyohuyo anasema wazazi wale walichagua kuwa watu wa kawaida ili kumlinda mtoto, na kwamba Rey ni mjukuu wa Palpatine, kaizari mwovu wa filamu za awali. Mtu anaweza kuuchukia uamuzi huo kwa sababu nzito: jibu la 2017 lilikuwa na ujasiri ambao la 2019 halina, na safari ya Rey ilipata nguvu kwa kutokuwa na ukoo. Huo ni uhakiki, na ni uhakiki mzuri. Kusema "walifuta kanoni" ni jambo jingine, kwa sababu hakuna hata sekunde moja ya filamu ya 2017 iliyoondolewa.

Kanoni inaweza pia kujipinga bila mhusika yeyote kudanganya. Katika filamu ya 1983, kijijini kwa Waewok, viumbe wadogo wa msituni, Luke anamuuliza Leia, dada yake pacha, kama anamkumbuka mama yake, tena anasisitiza: mama mzazi. Leia anasema kidogo tu, alifariki yeye akiwa mdogo sana, alikuwa mzuri na mpole lakini mwenye huzuni. Katika filamu ya 2005 Padmé, mama yao mzazi, anakata roho mara tu baada ya kuwazaa mapacha hao. Filamu zote mbili zimo kwenye orodha. Hapa ndipo nadharia za mashabiki zinapofanya kazi yao halisi, ya kushona palipochanika: labda Nguvu, ile nishati ya ajabu ya hadithi hii, ilimpa Leia taswira, labda anamkumbuka mama mlezi bila kujua. Pendekezo la pili lina tatizo, kwani swali la Luke lilikuwa la mama mzazi, na Leia anajijua kuwa mtoto wa kulea.

Nadharia nayo ina masharti yake. Iwe sentensi moja inayoweza kushindwa. Itaje tukio lililo kwenye kazi ya kanoni, na kama ni kauli, itaje msemaji na alichokuwa anakijua wakati ule. Kionjo (trela) cha kwanza cha filamu ya 2015 kilipotoka mwisho wa Novemba 2014, kikifunguliwa na jangwa, wengi walitangaza kwamba ni Tatooine, sayari ya jangwa ya filamu za zamani. Ushahidi ulikuwa mchanga tu. Aprili 2015 ikafahamika ni Jakku, sayari mpya. Nadharia ya kwamba Snoke ni Darth Plagueis ilikuwa na mizizi zaidi, maana Palpatine anasimulia habari za Plagueis katika filamu ya 2005. Ilikufa mwaka 2019, Palpatine aliposema yeye ndiye aliyemuumba Snoke. Ilikuwa nadharia nzuri, na imeshindwa.

Vionjo ni ushahidi dhaifu kwa sababu huunganishwa filamu ikiwa bado inakatwa. Vionjo vya filamu ya Rogue One mwaka 2016 vilimwonyesha shujaa wake, Jyn Erso, akikabiliana uso kwa uso na ndege ya kivita ya TIE juu ya mnara, na katika filamu iliyofika sinema tukio hilo halimo. Mahojiano ni dhaifu zaidi. Mwigizaji anajua kurasa alizopewa, na mwongozaji anajua alichokusudia, lakini kusudi ambalo halikuingia kwenye filamu halimo kwenye orodha.

Yasiyoweza kushindwa tuyaite kanoni ya kichwani. Ukiamini kwamba Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo, hupenda kusikiliza muziki akiwa peke yake, hakuna kitakachokupinga, na huna deni la kumthibitishia mtu. Ni raha halali ya shabiki, ili mradi isiingie kwenye mjadala ikiwa imevaa nguo za nadharia.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "kanoni imesema", muulize kwa upole ni kazi gani, ya mwaka gani, na nani anayesema. Pale unapotaka kuandika "hiyo si kanoni", andika "hiyo imo Legends" kama imo, au "hiyo sikuipenda" kama hilo ndilo unalomaanisha. Na badala ya "ilikuwa kanoni kwamba wazazi wa Rey si lolote", andika "mwaka 2017 Rey na Kylo walisema hivyo".