Je, wajua kwa nini risiti ya saruji haimtoshi mkaguzi?

Watu wengi huamini kwamba wakala wa serikali anayejenga nyumba za watumishi akiwa na zabuni safi, ankara na risiti, hoja imekwisha. Imani hiyo imepata nguvu zaidi tangu zabuni zihamie kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, mwaka 2023. Mfumo huo ni hatua kubwa, lakini unaonyesha nani alishindana, kwa bei gani na nani akapewa kazi. Risiti nayo inasema pesa imepokewa. Hakuna hata kimoja kinachosema mifuko 200 ilishuka kwenye lori pale Mtwara. Tena risiti huandikwa na muuzaji, na yeye ndiye anayefaidika malipo yakitoka.

Ushahidi wa mzigo lazima utoke kwa mnunuzi. Mkulima wa korosho wa Newala au Ruangwa analijua hili vizuri kwa stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala. Gunia hupimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, kisha hupimwa tena ghala kuu. Kipimo cha pili kina maana kwa sababu anayepima ni mwingine na mzani ni mwingine. Mpimaji wa pili akinakili kilo za karatasi ya kwanza bila kupandisha gunia mzanini, karatasi mbili zitalingana, lakini kipimo kitabaki kimoja.

Ndivyo ilivyo stoo. Mkaguzi huweka pamoja hati ya agizo, hati ya kupokelea mali na ankara. Ya katikati ndiyo yenye uzito, na husainiwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, ambayo asiwemo aliyeagiza mzigo. Kosa la kawaida ni kamati kusaini ikisoma hati ya muuzaji, lori limeshaondoka. Dalili zake ziko kwenye tarehe: mapokezi yametangulia agizo, au safari tatu za lori zimeandikwa kwenye hati moja. Kila lori linastahili hati yake. Ikiagizwa mifuko 200 ikafika 120, inalipiwa 120, na agizo linabaki wazi kwa 80. Hati iliyoharibika hufutwa kwa mistari miwili na kubaki kitabuni, namba zisirukwe.

Kisha jengo lenyewe huulizwa, na hapa ndipo kazi inapopendeza. Chukua jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 12 kwa 10, unene sentimita 10. Hilo ni zege la mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo hula takriban mifuko sita na nusu ya kilo 50, yaani mifuko 78. Ongeza asilimia 10 ya upotevu, inakuwa kama 86. Leja ya stoo ikionyesha mifuko 130 imetolewa kwa jamvi hilo, kuna mifuko 44 inayohitaji maelezo. Iliyoganda kwa unyevu wa masika haiwezi kuwa maelezo hayo, maana huondolewa kwenye leja kwa hati yake baada ya kukaguliwa, haichanganywi na iliyokwenda kwa fundi.

Hata hivyo hesabu hii huzaa swali tu, haitoi hukumu. Ardhi isiposawazishwa vizuri, jamvi la sentimita 10 huwa la 12, na sentimita hizo mbili peke yake hula mifuko 16 kabla ya upotevu. Kwa hiyo msimamizi apime kina sehemu kadhaa kabla ya kumwaga zege, aandike vipimo kwenye daftari la kazi, na fundi asaini. Lisipofanyika siku hiyo, zege likishakauka, njia ya uhakika inayobaki ni kulitoboa.