Wavu wa kulaza: kinga ya banda la kuku dhidi ya wanyama wanaochimba

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji ninaowajengea mabanda pembezoni mwa mji wa Morogoro hunionyesha kwanza urefu wa ukuta na ukubwa wa kufuli, ilhali kuku wao waliopotea walitolewa kwa chini. Banda la nyuma ya nyumba kwa kawaida hujengwa kwa kumfikiria mwizi wa miguu miwili: mstari mmoja wa tofali hulazwa juu ya ardhi iliyosawazishwa kwa jembe, kisha juu yake husimamishwa mbao na wavu. Kwa mnyama mwenye kucha, ukuta wa namna hiyo hauna msingi hata kidogo.

Kabla ya kununua chochote, shimo lenyewe lichunguzwe. Nyegere, ambaye kucha zake za mbele hufikia sentimita 4, huacha shimo pana na rundo la udongo uliorushwa nyuma, na akishaingia huweza kuua kuku wengi kuliko anaoweza kula. Mbwa wa mtaani naye huchimba shimo pana, ila la ovyo zaidi, na mara nyingi nywele zake hubaki zimenasa kwenye waya. Kwa maoni yangu nyegere husingiziwa makosa mengi ya mbwa. Tundu dogo la mviringo ni la panya wa kawaida au la panya buku, yule yule anayefundishwa hapa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Panya buku hufuata chakula cha kuku kuliko kuku wenyewe, lakini tundu lake likishafunguka huwa njia ya nyoka na ya kicheche. Kuku anayetoweka mchana kweupe aghalabu amechukuliwa na nguchiro au mwewe, na kazi ninayoieleza hapa, ya kulaza wavu ardhini nje ya ukuta, haitamwokoa kuku huyo. Kuku wakikutwa wamekufa bandani bila jeraha lolote, aitwe afisa mifugo, kwa sababu huenda huo ni ugonjwa wa mdondo.

Jambo ambalo huamua mafanikio ya kinga yote ni hili: mnyama anayefuata harufu ya kuku hutembea mpaka pua yake iguse ukuta, na hapo hapo ukuta unapokutana na ardhi ndipo anapoanza kuchimba. Hivyo sehemu inayohitaji kulindwa ni kipande cha ardhi kilicho nje ya ukuta, na wavu uliolazwa hapo humkatisha tamaa kwa kuwa kila anapokwangua hukutana na waya, wala si kawaida yake kurudi nyuma hatua moja na kuanza upya mbali na ukuta. Wapo wanaopendelea kuchimba mtaro wa futi moja na nusu na kuuzika wavu wima. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ni ya jasho jingi, hasa kwenye ardhi yenye mawe, na mnyama mwenye subira huweza kuufuata wavu kwenda chini mpaka aumalize.

Wavu unaofaa ni ule mzito uliochomelewa kwenye kila makutano ya waya na kupakwa zinki, wenye matundu ya nusu inchi ikiwa panya ni tatizo, au inchi moja ikiwa adui ni mbwa na nyegere peke yao. Ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, unaoitwa wavu wa kuku, hutosha kuwazuia kuku wasitoke. Mbwa huupasua kwa meno, na ukizikwa ardhini huliwa na kutu mapema. Chukua wavu wenye upana wa futi 3, ukunje kwa urefu wake wote ili futi 1 ipande ukutani na futi 2 zilale nje. Kwenye nguzo za mbao tumia misumari ya U, na kwenye ukuta wa tofali funga kwa skrubu zenye washa, yaani vibati vya duara vyenye tundu katikati. Banda la futi 10 kwa 8 lina mzunguko wa futi 36, lakini usinunue futi 36: kila kona huacha mraba mtupu wa futi 2 kwa 2, na mnyama anayezunguka banda hupita konani. Ukiongeza vipande vinne vya kona na mapishano ya inchi chache kwenye kila kiungo, mita 15 zitatosha. Viungo vifungwe kwa waya wa kufungia nondo, si kwa kamba.

Kabla ya kuulaza, ng'oa majani na usawazishe ardhi ili wavu usiache uvungu. Ukandamize kwa vipande vya nondo vilivyokunjwa mfano wa herufi U, uufunike kwa inchi 2 au 3 za udongo, kisha uache ukoka uote juu yake, kwa sababu mizizi yake huufunga wavu na ardhi kuliko kigingi chochote. Mawe matupu juu ya wavu hayadhuru, ila nyegere huyapindua. Mahali nyegere amekwisha kuzoea kuja, mimi huuzamisha ukingo wa nje inchi 6 kwenda chini, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wachache wanaorudia jaribio sehemu nyingine.

Mlango ndio sehemu ambayo mafundi wengi huisahau. Wavu hauwezi kupita mahali pa kukanyagwa kila siku bila kuinuka, kwa hiyo hapo mwaga kizingiti cha zege kinachotokeza nje angalau futi 2, kikutane na wavu pande zote mbili, na mlango uache nafasi isiyofika nusu inchi.

Sakafu ya zege ni nzuri kwa mwenye uwezo, na husafishika kwa urahisi maranda ya kutandikia kuku yanapobadilishwa. Hata hivyo, maji yanayodondoka kutoka kwenye mabati wakati wa masika huchimba mfereji kando ya ukuta na kuacha ukingo wa zege ukining'inia, yaani mvua humfanyia mnyama nusu ya kazi. Ongeza urefu wa paa au weka mfereji wa bati.

Sumu isitumike. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, na chambo chenye sumu huweza kumuua mbwa wa jirani kabla ya nyegere kukifikia.

Shimo la zamani lisifukiwe kwa udongo mtupu, maana udongo uliolegea humwita mnyama kurudi palepale. Lishindilie mawe yaliyochanganywa na zege mpaka usawa wa ardhi, likauke, ndipo wavu upite juu yake.