Jinsi ya kuitazama barabara ya watembea kwa miguu jijini Kampala

Wafanyabiashara na wageni wanaokuja Kampala kutoka Goma, Mombasa au Mwanza huniuliza mara kwa mara iwapo jiji letu lina barabara ya maduka na migahawa ambamo mtu anaweza kutembea bila kuchungulia nyuma kila hatua. Mimi ni mpangaji miji, na kazi yangu ni barabara za katikati ya jiji. Kwa hiyo huwajibu kwamba zipo sehemu mbili zinazofaa kutazamwa pamoja, moja iliyobuniwa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, na nyingine ambayo hakuna ofisi iliyoibuni.

Ya kwanza ni ukanda wa Namirembe Road na Luwum Street, ambao KCCA iliuteua uwe wa majaribio, watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wapewe kipaumbele, baada ya Uganda kupitisha mwaka 2012 sera yake ya usafiri usiotumia injini. Uteuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani ukanda uko jirani na Old Taxi Park, kituo cha teksi, yaani mabasi madogo yanayofanana na matatu au daladala, ambako abiria wengi hushuka kwenye teksi zao na kuendelea kwa miguu hadi sokoni, kazini au madukani. Mgeni akifika hapo, namshauri asianze kwa kutazama sakafu iliyotandazwa upya, bali atazame kuta na milango ya kandokando, kwa maana uhai wa barabara ya aina hii hutoka huko.

Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark, alijifunza jambo hilo katika barabara ya Strøget mjini Copenhagen, yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, ambayo ilifungiwa magari mwezi Novemba 1962 huku wapinzani wakidai kwamba Wadenmark si Waitalia na hawatakaa barazani kunywa kahawa. Walikaa. Kipimo anachokipendekeza Gehl ni milango ya maduka 15 hadi 20 katika kila mita 100, maana yake ni kwamba mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa hukutana na jambo jipya kila baada ya sekunde nne hivi. Kwa kipimo hicho katikati ya Kampala haina umaskini hata kidogo, kwa sababu duka moja la zamani aghalabu limegawanywa kwa vibanda vitatu au vinne, kila kimoja na mwenyewe. Kinachonitia wasiwasi ni akedi, yale majengo marefu ya biashara ambayo huficha maduka yake katika korido za ghorofani na kuiachia barabara lango, mlinzi na mteremko wa kuingilia magari. Zikipangana tatu mfululizo, mtembeaji huharakisha mwendo bila kujua sababu.

Sehemu ya pili ni Kikuubo, hapo hapo karibu, kwenye maduka ya jumla yanayolisha miji ya Uganda na wanunuzi kutoka Sudan Kusini na Kongo, na ambapo Kiswahili kitakufikisha mbali katika kupatana bei. Kikuubo inatawaliwa na watembea kwa miguu kwa sababu ya wembamba wake na wingi wa watu, na gari linaloingia huenda kwa mwendo wa umati. Hapa ndipo swali gumu la taaluma yetu linapoonekana waziwazi: mzigo utaingiaje? Wapagazi hubeba katoni na magunia mgongoni au kichwani, wakipiga kelele za kuomba njia, na ni wao, si askari, wanaoamua upana wa kupita. Copenhagen ilijibu swali hilo kwa kuruhusu magari ya mizigo nyakati za asubuhi. Kwetu nadhani ingefaa zaidi kutenga mahali pa kushushia mizigo kwenye miisho ya barabara na kuutambua upagazi kuwa sehemu ya mpango, badala ya kujifanya kwamba bidhaa hujipeleka zenyewe dukani.

Kuondoa magari peke yake hakutoshi. Chicago iliigeuza State Street kuwa ya mabasi na watembea kwa miguu mwaka 1979, ikapanua njia za kando kupita kiasi, na mwaka 1996 magari yakarudishwa, kwa kuwa nafasi ilikuwa kubwa kuliko watu wa kuijaza. Kampala haina hatari hiyo ya upweke. Hatari yetu ni bodaboda, ambazo huiona kila nafasi iliyo wazi kuwa njia ya mkato, na mvua, ambayo katika miezi ya Machi hadi Mei humwaga maji mengi kuelekea bonde la Nakivubo. Ndiyo maana nayathamini mabaraza yenye paa ya majengo ya zamani: hukinga jua la mchana na mvua ya alasiri kwa pamoja, na yamejengwa tayari.

Upande wa chakula ndio dhaifu zaidi. Ukitaka roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) au katogo (mchanganyiko wa ndizi za kupika na mboga au nyama) utapata bila shida, ila utakula umesimama au ndani ya chumba, kwani viti vya nje ni haba, na mwezi Januari 2022 KCCA iliwaondoa wachuuzi wa barabarani katikati ya jiji, wakiwamo wauza vyakula. Naelewa sababu ya msongamano, lakini ningewarudisha wapishi kwanza, kwa leseni na nafasi zilizochorwa chini, maji safi na mahali pa taka vikiwa karibu, na ningewapa saa za jioni, wakati maduka ya jumla yanapofunga na wafanyakazi wangali wakisubiri foleni za teksi zipungue.