"Kwetu Hakuna Sukari": Jibu Linalowaponza Wajawazito Wengi Kusini

Ukikaa kliniki ya wajawazito Newala, Nachingwea au Mtwara mjini, jibu ni lilelile. Mama anaulizwa kama kwao kuna mgonjwa wa sukari, naye anajibu papo hapo: "Kwetu hakuna." Kwenye kadi inawekwa alama ya hapana, kipimo cha kisukari cha mimba (sukari inayopanda mama akiwa mjamzito) kinarukwa, na huko mbele mimba inafika wiki ya 36 tumbo limejaa maji kupita kiasi na mtoto amepita kilo nne. Jibu hilo fupi lina makosa matatu.

La kwanza ni kuhesabu upande mmoja. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo tangu zamani umefuata upande wa mama. Mjomba anajulikana, bibi mzaa mama anajulikana, na maradhi yao yanasimuliwa. Upande wa baba mara nyingi ni giza, hasa kama baba aliondoka zamani akaoa Kilwa au Dar es Salaam. Lakini nusu ya vinasaba vyako vimetoka kwa baba huyo, hata kama hakukulea hata siku moja. Shangazi mwenye sukari ana uzito sawasawa na mama mdogo mwenye sukari. Na ndugu yako wa baba mmoja, mama mbalimbali, anahesabiwa pia.

La pili: wengi wanaposema hakuna, ukweli ni kwamba hakuna aliyepimwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kama wanacho. Kwa hiyo acheni kuulizana "nani ana sukari". Kabla ya hudhurio la kwanza, kaa na mtu mzima wa upande wa mama, kisha mpigie simu mmoja wa upande wa baba, uliza hivi: Nani alikatwa kidole au mguu kwa kidonda kilichokataa kupona? Nani alipoteza uwezo wa kuona ukubwani? Nani alikonda ghafla huku anakula vizuri, anakunywa maji bila kikomo na kuamka usiku mara nne kukojoa? Nani katika dada na mama zangu alizaa mtoto wa kilo nne na zaidi, au alijifungua mfu bila sababu kujulikana? Mara nyingi sana kidonda kile ambacho ukoo mzima unaamini marehemu alikanyaga kitu alichotegewa kilikuwa kisukari. Majibu hayo yaandike kwenye karatasi, uyapeleke kliniki. Yana faida kuliko "hakuna" kumi.

La tatu ndilo gumu kueleweka. Hata kama ukoo mzima umepimwa na kweli hakuna mgonjwa, wewe bado unaweza kupata. Kuanzia katikati ya mimba, homoni za kondo la nyuma hufanya mwili wa mama uikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ili chakula kibaki kwenye damu kimfikie mtoto. Kongosho la mama linalazimika kuzalisha insulini mara mbili ya kawaida au zaidi. Hapo ndipo vinasaba vinapojitokeza. Hakuna jeni, yaani kinasaba, moja ya kisukari cha mimba. Ziko nyingi, kama TCF7L2, MTNR1B na CDKAL1, na kila moja huongeza hatari kidogo tu, nyingi kwa kupunguza uwezo wa kongosho kutoa insulini. Mama yako anaweza kuwa na chache, baba yako chache, na wote wawili wasiugue kamwe. Kwako zikakutana. Mtumbwi wenye ufa mdogo huonekana mzima ukiwa ufukweni. Upakie magunia ya korosho ndipo maji yaingie. Mimba ndiyo mzigo wenyewe.

Basi, nikapime jeni? Hapana, usipoteze hela. Kinachoamua ni sukari iliyomo kwenye damu. Zipo hali chache za kurithi zinazostahili kufuatiliwa na daktari bingwa, mojawapo kasoro ya jeni ya GCK, ambapo sukari ya asubuhi hukaa kati ya 5.5 na 8 (namba zote za sukari hapa ni milimoli kwa lita ya damu) maisha yote, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi.

Kipimo chenyewe hufanywa wiki ya 24 hadi 28, na mwenye ndugu wa damu mgonjwa apimwe sukari tangu hudhurio la kwanza. Siku tatu kabla kula kawaida yako, usijinyime. Usiku wa mwisho usile wala kunywa chochote zaidi ya maji, kwa saa 8 mpaka 14. Anayetoka mbali, tuseme Kitangali, heri alale mjini, maana wengi huharibu kipimo kwa chai ya alfajiri stendi, "kikombe kimoja tu". Unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji ya mililita 250 hadi 300 ndani ya dakika tano, kisha unakaa. Usizunguke sokoni. Damu inatolewa tena baada ya saa moja na saa mbili. Ukifikisha 5.1 kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, namba moja tu inatosha kukuthibitisha. Ukitapika, kipimo kinarudiwa siku nyingine. Na wenzangu wa maabara: damu ikiachwa mezani bila kutenganishwa, sukari yake hushuka asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mgonjwa anaonekana mzima kwa sababu sampuli ilisubiri.

"Mkojo wangu ulipimwa, hauna sukari." Mkojo hauaminiki hapa. Kwa kawaida sukari huanza kuvuja kwenye mkojo ikifika karibu 10 kwenye damu, na wewe unaugua ukiwa na 5.1 asubuhi. Upande mwingine, figo za mjamzito huweza kuvujisha sukari hata akiwa mzima. Dai damu.

"Mimi mwembamba." Unene unaongeza hatari, ni kweli. Lakini jeni nilizozitaja hudhoofisha kongosho, na kongosho dhaifu halichagui umbo.

"Mume wangu ana sukari, ndiye aliyeniletea." Hakuambukizi wala hakurithishi. Anayeweza kurithi kwake ni mtoto, kwa miaka ya baadaye.

"Mtoto atazaliwa nacho." Sivyo. Hatari yake ya saa za mwanzo ni sukari kushuka, kwa sababu kongosho lake lilizoea kutoa insulini nyingi. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, apimwe.

"Nimeacha soda na chai ya sukari, inatosha." Ugali wa muhogo ni wanga mtupu, na sahani iliyojaa hupandisha sukari vizuri tu. Punguza ugali ubaki robo ya sahani, kisamvu au matembele nusu, samaki au mbaazi robo. Korosho kiganja kimoja ni sawa. Juisi ya mabibo, hapana. Na unapojipima kidole nyumbani osha mikono kwanza, maana maji ya embe kwenye ncha ya kidole hutoa namba ya kutisha bure. Lengo ni chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula.

"Ukianza insulini huachi." Ya mimba huachwa karibu kila mara siku ya kujifungua. Usiogope sindano ukamwacha mtoto anenepe tumboni.

"Nimejifungua, yameisha." Sukari hushuka, vinasaba vinabaki. Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kisukari cha ukubwani mara 7 hadi 10 ya mwenzake. Rudia kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na 12, siku unayompeleka mtoto chanjo inafaa kabisa, kisha upimwe kila mwaka, usivuke mitatu. Na mwambie mdogo wako wa kike, kwa sababu akibeba mimba, jibu lake kliniki si "hakuna" tena.