Zahanati si duka la dawa, shemeji

Juzi nilikuwa msibani Ngamiani, Tanga mjini. Tumekaa jamvini, kahawa inazunguka, shemeji yangu mmoja akaanza. Ni mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwema, ila akishika hoja haiachii. "Shemeji, hizi zahanati zenu za vijijini mnazidekeza. Mbona duka la dawa muhimu linatazamana na zahanati, halipewi hata senti ya serikali, na halifi? Ziacheni zijiendeshe." Wazee wakatikisa vichwa kuafiki. Nikanyamaza kwa heshima ya marehemu. Lakini hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka huu kuisikia hoja hiyo, na hapa kwenye blogu hakuna marehemu, kwa hiyo niacheni niseme.

Nilikuwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, miaka 19, zahanati mbili za milimani huku Usambara Mashariki. Siku hizi nazunguka na kamati za usimamizi wa vituo, nafundisha watu kusoma leja. Siyo kazi ya kujivunia jamvini, lakini hesabu nazijua.

Tuanze na mapato, haraka tu. Mtoto chini ya miaka mitano halipi. Mjamzito halipi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo halipi. Mwenye TB, mwenye VVU, hawalipi dawa zao. Waondoe hao kwenye benchi la Jumatatu asubuhi uone wanaobaki: kijana wa bodaboda aliyechubuka goti na mzee wa makamo mwenye jino. Hao ndio "wateja" ambao shemeji anataka walipe gesi, sabuni, mlinzi na mkunga. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, nayo ilipangwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Gawanya: 5,000 kwa kichwa, haifiki 420 kwa mwezi. Soda ni ghali zaidi. Na wa kwanza kukata kadi ni yule ambaye tayari ana mgonjwa ndani, jambo ambalo simlaumu nalo, hata mimi ningefanya hivyo.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, kwa sababu hata wataalamu wenzangu wanakipita juu juu. Duka huuza kitu. Zahanati, sehemu kubwa ya kazi yake, inangoja. Mwezi mmoja tulizalisha akina mama wawili tu. Mgeni kutoka mjini akaangalia kitabu akasema, "Wawili? Mkunga mzima kwa wazazi wawili?" Nikamuuliza, je, tulijua watakuja usiku gani? Mmoja alikuja saa tisa usiku, amebebwa kwenye machela ya miti, mvua inanyesha. Ili yule mama akute mtu macho, taa inayowaka, glovu na sindano ya oksitosini ambayo haikupata joto, ilibidi vyote viwepo usiku ule, na usiku uliotangulia, na nyingine ishirini na nane ambazo hakuja mtu. Sindano ile huchomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ili damu isimwagike. Hakuna dakika ya kumtuma mtu mjini.

Usiku ule ambao hakuja mtu nao una gharama, na hauna risiti. Ukiendesha zahanati kama duka, kitu cha kwanza utakachokata ni huo usiku, kwa sababu kwenye daftari unaonekana hasara tupu. Duka la mkabala hufunga saa mbili, mwenye nalo akalala. Ni haki yake. Na biashara yake hunoga watu wakiugua. Mwezi wangu mzuri ulikuwa ule wa vipimo vya malaria kutoka hasi mfululizo. Pima hiyo kwa faida uone utakavyochanganyikiwa.

Lakini shemeji ana jambo moja amelipata, ingawa amelishika mkiani. Duka halifi, kweli. Ila si kwa sababu watu wanalipa. Linaishi kwa sababu mwenye duka akiona panado zinapungua, kesho anapanda gari kwenda mjini kununua. Haombi ruhusa kwa mtu.

Nitoe mfano wa friji ya chanjo. Wakati huo yetu ilikuwa ya gesi. Chanjo zinataka nyuzi joto 2 hadi 8, unaandika kwenye chati asubuhi na jioni, hata sikukuu. Matone ya polio hayapendi joto. Penta, chanjo ya sindano ya watoto, ukiigandisha imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona nzuri. Ijumaa moja jioni nainama kuangalia mwali kule chini, badala ya kuwa wa bluu ni wa njano, unachezacheza. Mtungi umekwisha. Fedha ya mtungi ilikuwepo. Ilikuwa kwenye akaunti ya wilayani, chini ya fungu la zahanati yetu, na mimi niliruhusiwa kuiomba kwa barua. Barua ilikuwa na wiki tano.

Unajua nani alituokoa? Mwenye duka la mkabala. Alichomoa mtungi wake wa kupikia, mkewe akapikia kuni siku tatu. Nilimlipa kutoka mfukoni, na mwisho wa mwaka mkaguzi akanidai stakabadhi.

Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kwa maoni yangu hilo liliokoa zahanati nyingi kuliko majengo mapya, na halikukatiwa utepe. Kiasi hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni nani anaamua, na anaamua lini. Kamati nzuri hukaa, hukubaliana, hununua. Nina kamati moja yenye bibi mmoja muuza iliki ambaye hasomi vizuri, lakini kila kikao anauliza swali moja: "Mtungi umebaki kiasi gani?" Huyo namwamini kuliko mfumo.

Sisemi mambo yamenyooka. Benki iko mjini, mfumo wa malipo unataka mtandao, na mfawidhi ndiye mhasibu. Akienda kufuatilia malipo siku mbili, mgonjwa anakuta kufuli. Bohari ya Dawa ya serikali ikikosa dawa, kuna njia ya kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, ila nayo ina saini zake. Kadi za CHF tunazihimiza wakati wowote tu, ilhali Muheza nzima inajua hela iko mkononi msimu wa machungwa.

Watumishi: Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na hakuna wanaoujua msemo huo kama sisi. Mpe mkunga nyumba isiyovuja na choo cha peke yake, atakaa. Semina za motisha mbaki nazo.

Kuna shaka ambayo sisemi vikaoni. MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007, ulitaka zahanati kila kijiji. Nimeona zahanati mbili ambazo jogoo akiwika huku anasikika kule, kila moja na mtumishi mmoja aliyechoka. Gharama ile ya kungoja tunailipa mara mbili, tunapata nusu. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, nilijiuliza ni zahanati ngapi tunaziita imara kumbe zimeegemea ukuta wa jirani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itajaza pengo? Natamani. Siwezi kuapa.

Niliwahi kuandika pendekezo kwamba moja ya zahanati hizo mbili ifungwe, kijiji kihudumiwe kwa mkoba, yaani watumishi wakifuate na vifaa vyao, mara moja kwa wiki. Hesabu zilikubali kabisa. Kabla sijalipeleka, masika ikakata barabara siku tisa, na wanawake wawili wakajifungua salama ndani ya zahanati ileile niliyotaka ifungwe. Pendekezo lipo kwenye droo. Sijalipeleka, na sijalichana.