Mgeni akisema "I'm all in" usimpigie makofi kwanza

Wiki hii tena. Kijana kaja darasani kwangu hapa Moshi, ninapofundisha Kiingereza waongoza wageni wa mlima Kilimanjaro, yeye ni asistanti wa guide, ana misimu mitatu mlimani na Kiingereza chake kizuri tu, namuuliza "all in" ni nini, ananijibu bila kusita, madam hiyo ni kujitosa mzimamzima, hakuna kurudi nyuma. Nikamuuliza na maana nyingine? Akasema haina nyingine. Jibu hilohilo nalipata kila darasa jipya, na leo naliandika maana kwenye kazi yenu jibu hilo linaweza kuumiza mtu.

DHANA: "All in" ni kujitosa tu, basi

Kujitosa ni maana mojawapo. Ndo mnayoisikia sana kwa sababu imejaa kwenye video za kuhamasishana na kwenye habari za mpira, klabu fulani imeenda all in kwa mchezaji fulani. Sawa, hiyo ipo. Ila kuna "all in" nyingine ya zamani ambayo haijafa, utaisikia hasa kwa watu wazima, Waingereza na hata Wamarekani, na maana yake ni nimekwisha. Nimechoka hoi, mwilini hamna kilichobaki. Yani karibu kinyume kabisa cha ile mnayoijua.

Sasa sikia. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anapandisha wageni usiku wa kilele kwa njia ya Marangu, wametoka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku kama kawaida, juu kidogo ya Hans Meyer Cave mama mmoja wa Kiingereza, wa miaka sitini na kitu, akakaa kwenye jiwe. Akainamisha kichwa, taa yake ya kichwani inamulika viatu vyake mwenyewe, akasema taratibu, "I'm all in." Kijana akafurahi! Akajibu "Yes mama, all in, let's go!" akamshika mkono akamnyanyua, na yule mama kwa ustaarabu wao wa kutopenda kusumbua watu akanyamaza akaendelea kutembea. Dakika kama ishirini baadaye akaanza kutapika na kupepesuka, guide mkuu akaja akamwangalia mara moja tu akaamuru ashushwe. Alishuka salama, nashukuru Mungu. Asubuhi, pale kambini Kibo, yule mama akamwambia kijana, nilikuambia siwezi. Kijana alikuja kunisimulia huku macho yamemjaa machozi, madam mi nilijua ananiambia yuko tayari.

Hapo ndo nashindwa kukaa kimya. Mnafundishwa dalili za ugonjwa wa mwinuko, kichwa, kichefuchefu, kuyumba, mnajua kupima oksijeni kwa ile mashine ya kidole, alafu mgeni anakupa dalili kwa mdomo wake na wewe unasikia hamasa.

Namna ya kutofautisha sio ngumu. Kujitosa mara nyingi kunataja kitu, "she's all in on the business", au kunakuja na kitenzi cha kwenda, "he went all in". Uchovu unakuja peke yake, mwisho wa safari, sauti imeshuka, "by the time we reached camp I was all in". Lakini sarufi peke yake isikudanganye, maana "I'm all in" tupu inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, kwaiyo angalia mwili. Mtu anayejitosa amesimama. Na ushauri wangu ambao wanafunzi wameshauchoka na bado nitausema: usimjibu mgeni kwa kumrudishia neno lake. Muulize. "Do you mean you're tired?" Maneno matano tu. Kama alikuwa na maana ya kujitosa atacheka na mtaendelea, hujapoteza chochote.

DHANA: Kwenda all in ni kuuza kila ulichonacho

Hii naipata kwa vijana wanaotaka kufungua kampuni zao za safari. Anauza kiwanja, anauza pikipiki, anakopa, eti wazungu wanasema go all in. Neno lenyewe hilo la kujitosa limetoka kwenye poka, mchezo wa karata, mchezaji anaposukuma dau lake lote katikati ya meza. Ila poka ina sheria: kwenye raundi moja unacheza kwa kile kilichopo mbele yako mezani tu, huruhusiwi kuingiza mkono mfukoni katikati ya raundi ukaongeza. Na mwenzako mwenye dau kubwa hawezi kukufukuza kwa sababu huna la kumfikia, unaingia na ulichonacho, na ukishinda unachukua kile tu ulichoweza kulingana nacho, ziada yao wanagombea wenyewe pembeni. Kwaiyo hata huko lilikotoka lilikuwa na mpaka, nyumba haikuwa mezani. Sisemi mkacheze, nasema msilipe neno uzito ambao halikuzaliwa nao.

DHANA: "Is that price all in?" anakuuliza kama umejitoa

Hapana. Anauliza kama kila kitu kimo humo: ada za hifadhi, kambi, ada ya uokoaji, chakula, VAT ya asilimia 18, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Ukijibu "yes" alafu ukaja kumwongezea getini umeharibu jina lako na la wenzako. Orodhesha kilichomo na kisichomo, na tipu za wapagazi zitaje kabisa kwamba ziko nje, wale wagumu ndo wamebeba mzigo.

DHANA: "The whole nine yards" ni mikanda ya risasi za ndege

Msemo huu nao maana yake ni kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Kuna guide anawasimulia wageni asili yake kwenye moto, eti ndege za Vita ya Pili zilikuwa na mikanda ya risasi ya yadi tisa, ukimaliza yote umeenda mpaka mwisho. Hadithi tamu, ila msemo umeshaonekana, kwa umbo la "the full nine yards", kwenye gazeti la Indiana, Marekani, mwaka 1907, wakati ndege ya injini ilikuwa haijafikisha hata miaka minne tangu iruke. Na huko Kentucky mwaka 1912 waliandika "the whole six yards", sita, kwaiyo hiyo tisa haikuwa kipimo cha kitu chochote cha kweli. Mi nikiona yadi sita nawaza kitenge cha soko la Kiborloni, lakini siendi kuwaambia wageni kwamba msemo ulitoka huko.

DHANA: "I'm in" na "I'm all in" ni kitu kimoja

"I'm in" ni nipo, nihesabu. Basi. Mgeni akisema "I'm in" kuhusu kwenda maporomoko ya Materuni, safari ya siku moja tu, usimwandikie siku tatu.

Jumamosi njooni na sentensi mlizozisikia kwa wageni wiki hii, ziandikeni vilevile walivyosema, msizitafsiri, na pembeni andika mgeni alikuwa amekaa au amesimama.